Siku Tuliposhindwa Kumngojea Njoroge

Ruracio ya Wanjiru, ile sherehe ya kupokea mahari yake, naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ilifanyika hapa hapa Kamenu, nyumbani kwa kaka yangu Njoroge, nami ningali na miguu ya kukimbiakimbia nikipanga viti.

Njoroge ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu. Akisimama kwenye sherehe, hata waliokuja na hasira walicheka. Lakini hujafa hujaumbika. Kiharusi kilimshika asubuhi moja akifunga kamba za viatu, kikamwachia akili zote na mkono wa kushoto, kikaondoka na sauti. Wanjiru, bintiye, akamwekea kwenye simu programu inayosoma kwa sauti chochote unachoandika. "Baba, wewe andika tu, itakuongelea." Neno lake la kwanza lilikuwa, "Chai." Halafu simu ikaongeza, "Na isiwe ya maji kama ya jana." Tulicheka hadi machozi. Tukadhani kazi imeisha.

Basi siku ile wageni wakafika kutoka Mwihoko, upande wa kijana aliyemposa Wanjiru. Mzee wao akasema, "Tungependa kusikia neno la baba wa msichana." Njoroge akainamia simu. Kidole kimoja, herufi moja moja. Akakosea, akafuta, akaanza tena. Mtu akakohoa, mwingine akatazama saa. Kisha shemeji yetu mmoja, wala si mtu mbaya, akasimama. "Wazee, chakula kinapoa. Njoroge anasema karibuni sana, amefurahi." Watu wakapiga makofi, wakainuka.

Mama yetu peke yake hakuinuka.

"Ketini!" alisema. "Alipokuwa na ulimi mlikaa mchana kutwa mkimsikiliza. Leo ana kidole, mnakimbia wapi? Chakula kikipoa kitapashwa. Na nani amewaambia anasema karibuni?"

Tukaketi, macho chini. Lakini Njoroge alikuwa amekwisha kuzima simu na kuitia kwenye mfuko wa koti. Wanjiru akapiga magoti mbele yake. "Baba, tafadhali, tunangoja." Akatikisa kichwa, akamgusa shavu kwa mkono ule mmoja, basi.

Alichotaka kusema hatukukijua. Nyumbani aliendelea kuagiza chai na kutukosoa kwa simu ile, ila mbele ya watu hakuitoa tena mpaka tukamzika. Wanjiru aliolewa bila neno la babake. Sasa ana watoto, na bado huniuliza, "Anko, unadhani Baba alitaka kusema nini?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, ninyi wa siku hizi mnaunda vyombo vya kila namna, vya kumsomea asiyeona, vya kumwandikia asiyesikia. Endeleeni, ni kazi njema. Lakini hakuna chombo kitakachomngojea mtu kwa niaba yako. Ukimpa mwenzako njia ya kusema, mpe na nafasi ya kumaliza. Usimsemee naye yupo. Usimkate ukidhani unamwokoa na aibu, maana huenda aibu ni yako.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usio na pupa. Na siku maneno yako yatakapokuwa mazito kutoka, kwa uzee au kwa ugonjwa, akuzungushie watu watakaokusikiliza mpaka mwisho.