Neno Lililomtoka Costansia

Mwaka 1995, pale Ihanda, Costansia ndiye peke yake aliyejua kompyuta katika ofisi ya shirika lililohudumia wakimbizi wa Rwanda. Alitoka Muleba, alisomea uchapaji Bukoba, na wenzake walimwita "mwalimu" ingawa alikuwa na miaka ishirini na minne tu. Jina hilo alilipenda.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Fomu za karatasi walizoandikiwa watoto hao zilikuwa zimeshapelekwa Bukoba. Mkuu wa ofisi, Mzee Gosbert, alimwagiza abadilishe neno la siri. Akalibadilisha jioni hiyohiyo, asiliandike popote. Kesho yake malaria ikamlaza siku tisa.

Aliporudi kazini, neno lilikuwa limemtoka kabisa. Alijaribu jina la mama yake, la kijiji chao, la mchumba wake. Mashine ilikataa yote.

Asubuhi hiyo aliingia Mukashema, mkimbizi aliyekuwa akilima kibarua Nyakasimbi. Alikuwa anamtafuta bintiye.

"Shikamoo, mama. Mashine imeharibika," Costansia alisema, macho yakiwa mezani. "Rudi kesho."

Mzee Gosbert alipouliza, alimjibu vilevile.

Mukashema alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Alikuwa anaketi barazani tangu asubuhi, na akiondoka anasema asante. Asante hiyo ilimchoma Costansia kuliko tusi.

Siku ya nne akaingia kwa mkuu wake.

"Mzee, mashine ni nzima. Nimesahau neno la siri."

Gosbert alivua miwani. "Siku zote hizi ulikuwa unanidanganya huku unanitazama usoni?"

Hakuinua sauti. Alimwita fundi kwa redio, na kesho yake Projest akafika kutoka Bukoba. Alifungua kasha la kompyuta, akachomoa betri ndogo ya mviringo iliyotunza neno la siri, akaiacha nje kwa muda, kisha akairudisha. Mashine ikawaka bila kuuliza neno lolote.

"Hutokea, dada," Projest alisema. Costansia hakuweza hata kutabasamu.

Jina lilikuwamo: Anonciata, miaka saba, analelewa na mjane mmoja Kaisho. Mukashema aliposomewa, aliketi sakafuni akalia.

Costansia angeweza kunyamaza. Akachuchumaa kando yake.

"Mama, mashine haikuharibika. Nilisahau neno la kuifungulia, nikaona haya kusema."

Mukashema alijifuta uso kwa khanga.

"Mimi nilidhani mtoto amekufa," akasema, "na kwamba mnaogopa kuniambia. Usiku wa jana nimemlilia kama maiti."

Gari la shirika lilipomchukua Mukashema kwenda Kaisho, wafanyakazi wengine walitoka nje kumpungia mkono. Costansia alibaki ndani, mbele ya mashine iliyokuwa wazi.