Mkono wa Moraa

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomharibia Moraa Nyanchama bahati yake, na hasira niliyo nayo leo ilianzia hapo.

Tulikuwa wachuma chai, Kericho. Kila kambi ilikuwa na timu ya wanawake ya raunda, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Shule niliiacha darasa la pili, lakini majina hayanitoki: Naomi Chelangat, Peris Adhiambo, Grace Kwamboka, na mimi kapteni. Na Moraa. Huyo alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpira wake haukutafutwa uwanjani, ulitafutwa ndani ya michai. Miaka mitatu kambi zote zilimwogopa, na nje ya kambi hakuna aliyemjua.

Jumamosi moja wakaja wageni kuchagua wachezaji wa timu ya mkoa. Atakayechaguliwa angepewa kazi mjini, aage kikapu cha chai. Mimi nimelelewa kwamba mkono wa kushoto haunyooshwi mbele ya wageni. Nikaona aibu, nikamvuta kando.

"Moraa, leo tumia wa kulia. Kuna wageni."

"Wa kulia haujui kazi hii."

"Utatuaibisha!"

Akanitazama. "Haidhuru, kapteni," akasema, akahamisha gongo.

Alikosa mipira yote. Yote! Wageni wakamchukua Naomi, wakaenda zao. Mama Rael, mpishi wa kambi, akanijia na mwiko mkononi.

"Wewe! Kwani mpira ni baba mkwe wako, usalimiwe kwa mkono wa kulia?"

Watu wakacheka. Moraa hakucheka, wala hakushika gongo tena. Alichuma chai mpaka mgongo ukapinda, na jina lake hakuna aliyeliandika popote. Ndiyo maana nalitaja: Moraa Nyanchama.

Wanasema majuto ni mjukuu; mimi yamenijia pamoja na mjukuu mwenyewe. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa kwenye bustani ya kanisa, hapa Great Barr, Uingereza. Kemunto wangu anacheza besiboli, na wiki hii anajaribiwa kuingia timu ya wakubwa. Alikuwa anafanya mazoezi, amesimama upande wake wa kushoto, nikamsikia mama yake, Lydia: "Simama kama wenzako, wazee wa kanisa wanaangalia!"

"It's fine, Mum, I'll switch."

Yaani si kitu, atahamia upande mwingine. Nikaisikia ile haidhuru ya Moraa! Nikainuka na mkongojo wangu, na hili goti bovu.

"Lydia! Mwache mtoto!"

Wazee wa kanisa wakageuka. Wageuke! Kemunto akarudi upande wake, akaupiga mpira ukaenda kugonga gari la Mzee Kirui. Sikumwomba msamaha.

Adabu ni mali, mwanangu, sibishi. Mtoto asalimie kwa mkono wa kulia, apokee chakula kwa mkono wa kulia. Lakini kabla hujamrekebisha, jiulize: ni kwa faida yake, au ni kwa macho ya watu? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akatwe mkono. Na mtoto akikwambia haidhuru, jua inadhuru.

Mungu aibariki mikono yenu, wanangu, yote miwili.