Karani wa Mji na Mkazi wa Mia Mbili

TUMEFIKA MIA MBILI, jamani! Shule yetu haifungwi! Mkutano wa mji ulisema wakazi wakipungua chini ya hapo, basi, wanafunzi wote tuhamie bonde la pili. Karani wetu anayehesabu watu alikuwa ameandika mia moja tisini na tisa, na nyumba moja imebaki: kwa mzee Orrin Thibault mlimani, anayefukuza kila anayemjia na makaratasi ya serikali. Huyu mama karani penseli yake kaifunga kwa uzi kwenye glavu, anaongea polepole kama yuko kanisani, na mlango anagonga mpaka ufunguliwe. Sasa theluji ya huku kwetu Vermont, Marekani, ndiyo kwanza inayeyuka, barabara tope tupu, gari lake likazama. Akashuka, akapanda kwa miguu, mimi niliyemsindikiza nyuma nacheka.

"Mama, turudi tu!"

"Rudi wewe, domo kubwa."

Tukamkuta mzee anachemsha maji matamu yanayogemwa kwenye mti wa mepo, yawe shira nzito. Ukiyaacha kidogo tu yanaungua, kazi ya siku nzima imepotea.

"Sina nafasi! Kuni hizi atatia nani?"

Karani akavua koti, akaanza kutia yeye, kila gogo na swali lake.

"Unalala hapa mwaka mzima?"

"Nilale wapi, Florida?"

Gogo. Saa mbili nzima! Nyusi zake zikaungua kwa moto, hakuacha. Mwisho mzee akamwaga shira ya moto juu ya theluji, ikaganda kama peremende, akampa.

"Haya niandike, king'ang'anizi we!"

Akaandika kwanza, ndipo akala. Mtumieni kila mtu habari hii, tafadhali.