Lenzi Mbili za Kwenda Narung'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nachingwea, sikushika kamera. Mkuu wa Kitengo cha Picha alinikabidhi sanduku la mbao lenye lenzi tano, akaniagiza nilibebe hadi sokoni na kurudi bila kulitua njiani. Nikarudi jasho linanichuruzika, akauliza kama kazi bado naitaka. Nikasema naitaka. Akacheka, akaniagizia chai.

Ninyi mnaovuta picha kwa vidole viwili kwenye simu mtaona nazidisha chumvi. Kamera zetu kubwa hazikutumia mkanda wa filamu. Kila picha ilikuwa na kipande chake cha filamu, kikubwa kuliko kiganja changu, ndani ya kasha lisilopitisha mwanga. Unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kioo cha ukungu nyuma ya kamera, na hapo mtu unamwona kichwa chini, miguu juu. Mwanzoni nilikuwa nikipinda shingo mpaka inauma, halafu nikazoea.

Mkuu yule aliziamini lenzi zake zote tano. Fupi ni za chumba kidogo, maana humeza upana mkubwa. Ya kati ni ya kazi za kila siku. Ndefu ni za vitu vya mbali. "Utakayoiacha nyumbani ndiyo kazi itakayoidai," alikuwa akisema. Tulizunguka naye Mkotokuyana, tukaenda Mnero, tukipiga majengo na watu, na mara nyingi tulitumia lenzi moja, nyingine zikarudi kama zilivyokwenda. Sikumbishia. Alikuwa mtu mwema, ila mgongo wa kubebea ulikuwa wangu.

Nikahamishiwa Ruangwa, kwenye mradi wa kuhifadhi picha za wazee wetu. Waliichagua kamera kubwa kwa sababu filamu yake hushika kila kitu, hata uso uliotokea mdogo ukiukuza unausoma vizuri. Bosi wangu huko alikuwa Mratibu wa Mradi, naye alikuwa kinyume kabisa na Mkuu. Kwake lenzi ni moja tu, ya kati. "Ukitaka mtu awe mkubwa, msogelee," aliniambia. "Miguu umepewa bure." Maneno hayo aliyasema akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Nusu ya maneno yake niliyakubali. Lenzi fupi za mradi niliziacha kabatini na wala sikuzikumbuka. Ndefu moja ilinishinda kuiacha. Niliiviringisha kwa kanga, nikawa naipakata kwenye bodaboda kama mtoto. Mratibu akiiona anatikisa kichwa, nami natazama pembeni.

Hivyo ndivyo tulivyofika Narung'ombe, kwa Bi Somoe. Alikuwa mjane mwenye shamba la mikorosho na ufuta kidogo, na macho yake yalikuwa yakizimika. Daktari alishamweleza kwamba ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi na kilichobaki nacho kitakwisha. Nikamwamkia, nikamweleza kazi yetu. Akanishika mkono, akasema picha yake peke yake haitaki. Anataka apigwe na Hassani, mkwewe.

Hassani alimwoa binti wa Bi Somoe, akahamia pale ukweni. Binti alipofariki, watu walitarajia mwanamume atafunga mizigo arudi kwao. Hakuondoka. Alibaki na watoto, akaendelea kupalilia mikorosho ya mama mkwe, kuipulizia dawa, na kumwezekea paa. Na muda wote huo hawajawahi kutazamana. Kwa desturi ya ukoo ule, mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawakai mkeka mmoja. Si uadui, ni heshima, tena heshima kubwa. Akimletea kitu anakiweka nje, anakohoa, anajitenga.

"Mwanangu," Bi Somoe aliniambia, "mara ya mwisho kumtazama huyu sawasawa alikuwa kijana anakuja kuposa. Macho yangu yanakwisha. Nikikutana na marehemu binti yangu akaniuliza mumewe yukoje, nimjibu nini?"

Nilikwenda kuifunga kamera kwenye stendi yake.

Tulimweka Bi Somoe kwenye kigoda uwanjani. Hassani akavaa kanzu na kofia, akaenda kusimama kwenye mkorosho ulio mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya mama mkwe, hapo anaposimama siku zote. Wote wakatazama kamera, hivyo hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilipochungulia kwa lenzi ya kati, Bi Somoe alijaa vizuri, na Hassani alikuwa mdogo kama gunzi lililosahauliwa shambani. Mratibu akachungulia pia. Akawaambia wasogeleane kidogo, ni picha tu. Hakuna aliyesogea. Zuhura, binti wa Hassani na mjukuu wa Bi Somoe, akainamisha uso, akituonea aibu sisi wageni.

Basi badala ya kusogea karibu, nikaenda mbali. Niliomba ruhusa ya kukatiza shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa, nikasimika kamera ng'ambo yake, nikaifungua ile kanga. Hapa mnisikilize vizuri. Lenzi ndefu haimsogezi mtu. Inakuruhusu wewe usimame mbali, na ukisimama mbali sana, aliye mbele na aliye nyuma wanakaribia kulingana. Ndani ya kioo changu cha ukungu, kichwa chini, Hassani alikuja kusimama begani kwa mama mkwe wake. Nikaugeuza kidogo ubao unaoshika lenzi, ili ukali wa picha uanzie kwa mmoja ufike kwa mwenzake, nikabana tundu la mwanga. Mratibu ndiye aliyeshikilia stendi upepo usiitikise. Alichungulia, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama lenzi hiyo ilikuwa nzito sana kuibeba. Nikamwambia ni nzito.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaokuja kwangu huuliza mpiga picha wa kamera kubwa abebe lenzi ngapi, nami nawajibu mbili: moja ya kumkaribia mtu, na nyingine ya pale ambapo huruhusiwi kumkaribia. Wengine wananiona nimezeeka vibaya. Haidhuru.

Picha ile niliipeleka mwenyewe, wiki yangu ya mwisho kazini. Bi Somoe aliichukua hadi mlangoni penye mwanga, akaiinua mpaka karibu iguse jicho la kushoto, lile lililobaki na nafuu. Uso wake mwenyewe hakuhangaika nao. Alikwenda moja kwa moja kwa Hassani, akamtazama muda mrefu, paji la uso, mashavu, ndevu. Nikangoja aseme picha imependeza, kama wasemavyo wote.

"Kumbe amezeeka," akasema, na machozi yakamtoka.

Zuhura akamweleza kwamba baba yake yuko nje, amesimama pale mwisho wa uwanja, anasubiri kusikia picha imetokaje. Bi Somoe hakugeukia upande ule.

"Bado amesimama?" akauliza. "Mpelekee kiti."