Safari ya Kumwona Mama Nafula Akicheza

Nilikwenda Dubai kumrudisha mke wangu nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nilifuata majumba marefu. Majumba niliyaona, shingo ikaniuma, basi. Mama Nafula alikuwa ametoka Kitale miaka mitatu kabla, kwenda kuhudumu katika mkahawa, na mkataba wake ulikuwa unaisha Novemba. Kila nilipomuuliza kwenye simu ya video kama atatia sahihi mkataba mwingine, alinipa habari za ngoma ya Kihindi aliyokuwa akijifunza kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Agosti angepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. "Njoo uone," akasema. "Nikishacheza, nitakujibu." Fimbo ya mbali haiui nyoka. Shule zilipofungwa Agosti ya mwaka 2016, nikaomba viza ya matembezi na kufunga safari.

Kutoka Kitale nilibeba begi moja la nguo na jingine la unga wa wimbi aliloniletea mama mkwe. Ndani ya ndege nilipanga maneno yangu kama ninavyopanga somo la darasa la nane. Kwanza ningemkumbusha habari za binti yetu, aliyekuwa shule ya bweni na likizo anaipitisha kwa nyanya yake. Kisha shamba. Nafsi yangu niliiweka mwisho, ili nisionekane nalia.

Dubai. Mlango wa uwanja ulipofunguka, joto lilinijia usoni kama nimefunua sufuria inayochemka. Mama Nafula alikuwa amesimama kando ya nguzo. Alikuwa amekonda kidogo, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyoukumbuka. Tulipeana mikono kama wajumbe wa kamati ya shule, kwa kuwa watu walikuwa wengi na mimi sikujua mikono yangu iende wapi kwingine.

"Umechoka, Baba Nafula?"

"Nimeketi tu njia nzima. Nichoke na nini?"

Bur Dubai ndiko nilikopata malazi, katika chumba cha vijana wa Kenya wanaolinda majengo. Mke wangu aliishi kwenye nyumba ya wafanyakazi karibu na mkahawa wao, kule Jumeirah Lake Towers, na huko mwanamume haingii hata awe na cheti cha ndoa mkononi. Mwenyeji wangu, Wafula wa Bungoma, alinionyesha kitanda cha juu na kunipa sheria.

"Mwalimu, huku kitanda ndiyo nchi yako. Ukitoa mguu nje ya shuka, uko kwa jirani."

"Na mke wangu nitamwona wapi?"

"Kwa benchi, kama sisi wote. Mambo ya nyumba, khalas, yameisha, sahau kwanza."

Kwa hiyo nikiwa na miaka arobaini na saba nikarudi kuwa mchumba.

Ijumaa ya kwanza Mama Nafula alinipeleka darasani kwao. Ni chumba kikubwa juu ya duka la vitambaa, papo hapo Bur Dubai, na mlangoni viatu vimejaa kama msikitini. Aliyemleta hapo mara ya kwanza ni Divya, Mhindi wanayehudumu naye mkahawani. Mama Nafula alikuja kumsindikiza tu, akabaki. Mwalimu wao, Bi Lalitha, ni mama mwenye mvi, anayeketi sakafuni na kugonga kigogo kwa fimbo fupi huku akiyaimba mapigo kwa mdomo. Ngoma yenyewe huitwa bharatanatyam. Huchezwa magoti yamekunjwa na kutazama kila moja upande wake, na nyayo hupiga sakafu hadi madirisha yanatetemeka.

Kabla ya kuanza, kila mmoja aliinama, akagusa sakafu, kisha akagusa macho yake. Mimi ni mzee wa kanisa, na hoja zangu nilikuwa nazo tayari. Nikamnong'oneza mke wangu, "Hapo mnaabudu nini?"

"Tunaiomba ardhi radhi," akasema. "Si tunaenda kuikanyaga?"

Nikavua viatu vyangu.

Niliketi kando ya viatu nikatazama. Walikuwa wasichana wa shule, mama wajawazito wawili waliokuja kutazama tu, wanawake wa ofisini, na Mama Nafula katikati yao. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Nilitarajia mtu anune, kama ilivyo katika kwaya yetu sauti ya tatu inapopotea. Hakuna aliyenuna. Divya alikosea, wakacheka, wakarudi. Mke wangu akakosea, akacheka hadi akajishika kiuno. Kicheko kile sikuwa nimekisikia miaka mitatu. Simu haikuwahi kukileta. Nilifurahi kukisikia, halafu nikaingiwa na wivu, maana hakikuwa changu.

Ijumaa iliyofuata nilikuta nimeandaliwa kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Lalitha aliniona napiga makofi kwa furaha, akasimamisha darasa zima.

"Sir," akaniambia kwa Kiingereza, "hayo ni makofi ya kanisani. Njoo nikufundishe yetu."

Akanifundisha. Kofi moja pajani, kisha kidole cha mwisho, cha pete, cha kati. Kofi, mgongo wa mkono. Kofi, mgongo wa mkono. Ukifika mwisho unaanza upya wala huruhusiwi kuharakisha. Mimi huimba sauti ya nne kanisani na hujisifu kwa mapigo, lakini pale wasichana wa darasa la tano walinicheka waziwazi. Nilipopatia mzunguko mzima, walinishangilia. Sitaficha: nilitembea hadi kitandani kwangu nikihesabu kwa vidole.

Jioni za kati ya wiki, zamu yake ilipoisha mapema, alikuja Bur Dubai tukaketi kwenye benchi kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji. Abra, zile mashua za abiria, zilivuka kwenda Deira ng'ambo na kurudi. Yeye alirudia mazoezi akiwa ameketi, kwa mikono na macho tu, mimi nikimpigia mapigo pajani kwangu. Watu walitupita bila kushangaa, kwani mji ule umeshaona mengi. Hizo ndizo zilikuwa saa zetu nzuri kuliko zote, na kila moja niliiharibu kidogo kwa swali langu.

"Mama Nafula, Novemba utarudi?"

"Nimekuambia nikishacheza."

Kulikuwa na kipande kimoja alichokataa nikione. Darasani, kilipofika, alinituma dukani kununua maji. Kwenye benchi alikiruka. Nikamuuliza Wafula mtu humficha mumewe ngoma kwa nini. Akasema, "Mwalimu, usiulize swali kama hujakalia kiti. Jibu linaweza kukuangusha." Usingizi ukawa mwembamba. Nilianza kuamini kuwa jibu limo ndani ya kile kipande, na kuwa ni jibu la kukaa.

Siku ya onyesho ilikuwa siku nne kabla ya ndege yangu. Ukumbi ulikuwa wa shule moja hapo jirani, umejaa familia za Kihindi, maua ya asumini na watoto. Mama Nafula alitoka na wenzake akiwa amepakwa wanja mzito, vidole vyekundu, njuga miguuni. Walicheza kwa pamoja, na nyayo zao zikatua kama mguu mmoja mkubwa. Mimi nilikuwa napiga mapigo pajani, na mzee wa Kihindi aliyeketi karibu nami naye anapiga. Tukatazamana, tukapatana bila kujuana majina.

Kisha wenzake wakaondoka, akabaki peke yake. Bi Lalitha alieleza kwenye kipaza sauti kwamba huu ni mchezo wa zamani wa mwanamke ambaye mpenzi wake amesafiri. Akasema wanafunzi wake huwaambia wasiige anavyoonyesha kungoja yeye mwalimu, kila mmoja aige mtu anayemjua anavyongoja.

Mama Nafula akaketi. Akainua kiganja mbele ya uso, akakipulizia pumzi, akakifuta kwa upindo wa nguo, akakisogeza mbali ili aone vizuri. Walioketi nami waliona kioo. Mimi niliona simu. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi, kwa pindo la shati, kila anapopiga. Akajipapasa utosi, kuweka sawa nywele ambazo mimi sinazo tena. Akasikia kitu nje, akaenda mlangoni, akarudi. Akamimina chai katika vikombe viwili, akanywa kimoja, kile cha pili akakifunika kwa kisahani.

Kikombe kile sikuwahi kumwambia mtu. Kwa miaka mitatu nilikimimina kwa mazoea na kukifunika kwa aibu, kisha nikakinywa kikiwa baridi. Alikuwa amekiona nyuma yangu, mezani, kwenye picha ya simu. Vidole vyangu vilipoteza mapigo. Nililia, na yule mzee akanipa leso bila kugeuza uso.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta anafungua njuga.

"Umekasirika?" akauliza. "Nimekuchezea mbele ya watu."

"Ulijuaje kikombe?"

"Wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Mimi nilikuwa naangalia nyumba yote."

Yale maneno niliyoyapanga ndani ya ndege sikuyaona tena. Nilimwambia jambo ambalo sikulipanga, kwamba Kitale hakuna Bi Lalitha, na kwamba sijui nitampa nini badala ya kile kicheko.

Alikunja njuga ndani ya kitambaa polepole. "Sitatia sahihi tena," akasema. "Novemba nakuja. Lakini usiwaambie watu nimetoka kuteseka. Mateso yalikuwepo, na hii pia ilikuwepo. Na zile sofa zote sebuleni, mimi nitakanyaga wapi?"

Kurudi. Kitale kulikuwa na mvua na matope, na baridi niliipokea kama jamaa. Sofa mbili kubwa nilizipeleka kwa mama mkwe, ya tatu kanisani. Jirani alichungulia mlangoni akauliza, "Mwalimu, wageni watakaa wapi?" Nikamwambia kuna viti vya jikoni. Nilikuwa nimedhani miaka ile mitatu mimi ndiye niliyemtunza mtu aliye mbali. Kumbe nami nilitunzwa, kikombe kwa kikombe, na mtu aliyekuwa anajifunza kutazama.

Jumamosi alipopiga, nilifuta simu kwa shati, nikamsikia anacheka. Nikamwonyesha sebule tupu, kona hadi kona.

"Nimeiona," akasema. "Sasa piga mguu nisikie saruji."

Niliweka simu sakafuni. Nikainama, nikagusa sakafu, nikagusa macho yangu. Kisha nikapiga mguu kwa nguvu zangu zote.



"Itafaa," akasema.