Aliyebaki Mwanza na bunduki zake

Mke wangu, mama Kulwa, alikufa juzi hospitali Mwanza. Leo tumemzika kijijini kwetu, Zagayu.

Mvua imekata barabara. Bosi wa kambi ya uwindaji jirani na kijiji, pale ninapopakua mizigo ya ndege, akasema njoo na marehemu kwa ndege inayomleta mgeni.

Mgeni mwenyewe namjua. Mwaka jana niliangusha boksi lake la bunduki kwenye tope, akanifokea mbele ya watu wote. Nilipomwona uwanja wa ndege Mwanza leo asubuhi nikasema hapa nimekwisha.

Rubani akapima. Jeneza, mimi, mgeni, mabegi, boksi la bunduki.

"Mzigo umezidi."

Nikaanza kufungua kamba za jeneza nilishushe.

Mgeni akasema, "Acha hiyo. Shusheni bunduki."

Askari wa uwanja akakataa. "Bunduki haibaki bila mwenyewe."

Mgeni akashuka na mabegi yake, akakaa juu ya boksi. Lile lile nililoliangusha.

"Basi nabaki nazo. Mzee, mpeleke mama nyumbani."

Asante ya Kiswahili haikuja. Nikasema wabeja. Kisukuma hajui, ila aliitikia kwa kichwa.

Amepoteza siku nzima ya kuwinda kwa ajili ya marehemu asiyemjua. Ninyi mngebaki? Semeni ukweli.

Ndege inamleta kesho. Najua matanga hayajaanuliwa, na shemeji zangu wameshaanza kununa. Wanune tu. Boksi lile nataka nilipokee mimi, na safari hii haliguswi na tope.

Kesho narudi kazini.