Magimbi ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa mchicha, na sioni aibu kusema hivyo. Unachanganya mbegu zake na majivu ili mkono usizimwage zote mahali pamoja, unazitawanya juu ya tuta lenye samadi ya mbuzi iliyooza, unamwagilia asubuhi na jioni, na kabla hujasahau ulipanda lini, unachuma. Ukikatwa ncha, unachipua ubavuni. Ukitiwa mawese na karanga za kutwanga, ugali unaisha watu wakiwa bado wanatazamana. Unachotaka ni jua na mtu wa kuukumbuka kwa maji. Ukiusahau kidogo tu wakati wa kiangazi, unanuna na kutoa maua.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa magimbi, ambayo sisi wa milima ya Kasulu tunayaita amateke. Magimbi hayataki jua kali wala hayadai kukumbukwa. Yanataka tope. Ukiyapanda pale yanapotokea maji ya kuogea, ukayafunika miguu kwa majani makavu ya migomba, unaweza kwenda zako karibu mwaka mzima. Mbuzi hawayagusi kwa sababu yanawasha. Na ukishayachimba usidhani umemaliza kazi, maana gimbi ambalo halikuiva sawasawa linawasha koo mpaka unajuta kuwa na ulimi. Linataka kuni, kisha kuni nyingine. Lakini yakiiva, ukala na maharage, au asubuhi na chai, yanakaa tumboni mpaka jua lishuke. Na yana wema mmoja ambao mchicha hauna: yanakungoja ardhini. Huyahitaji, yaache. Njaa ikija utayakuta.

Bustani yetu pale Nyakitonto ilikuwa moja, na maji yalipandishwa kwa kichwa kutoka bondeni. Maji ya kuoshea vyombo ndiyo yaliyotugombanisha. Mimi niliyataka kwa mchicha. Yeye alikuwa amechimba kijifereji kinachoyapeleka moja kwa moja kwenye magimbi yake. Nilikuwa naziba kijifereji kile kwa bonge la udongo, na asubuhi nalikuta bonge limewekwa pembeni kwa adabu, kama mtu aliyehamisha kiti cha mgeni. Nikiziba tena, anazibua tena. Ugomvi ule uliendelea kwa miaka na hatukuwahi kutupiana neno hata moja.

Tungetupianaje? Kwa desturi yetu Waha, na kwao mama mkwe, Burundi, vilevile, mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Huingii kwake, huli mbele yake, mkikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Wala si kawaida mama mkwe kuishi kwenye kiwanja cha mkwe wake, na watu walitucheka. Lakini alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, sasa angekwenda wapi? Nilimjengea nyumba ndogo mwisho wa kiwanja, mlango ukitazama bondeni ili tusionane. Habari zake zilinifikia kwa mdomo wa mke wangu, zilizobaki nilizisoma bustanini.

Miaka ya sabini alivuka mpaka kutoka Burundi pamoja na mumewe, wakikimbia mauaji, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mke wangu. Mke wangu alinisimulia kwamba miaka ya mwanzo mama yake hakukubali kupanda chochote nyumbani ila mboga za majani. Majirani walipomletea vichwa vya magimbi vya kupanda, alivipokea kwa mikono miwili, kisha akavigawa kwa wengine. Alisema mtu anayerudi kwao hapandi kitu cha mwakani. Baadaye mumewe akafa, akazikwa huku. Mvua zilizofuata, alikwenda mwenyewe kwa majirani kuomba vichwa vya magimbi. Hakutoa hotuba, ila wote waliomjua walielewa kwamba sasa amekaa.

Basi miaka ya tisini ikaja na wakimbizi wengine, wengi mno, na makambi yakaota upande wa Kasulu na upande wa Kibondo. Sisi tuliwaona wakipita, tukawahurumia, tukauza na kununua nao. Hatukujua kwamba yanatuhusu. Kisha siku moja likaletwa tangazo kijijini kwamba watu wote wa kutoka Burundi wanaoishi nje ya makambi wanatakiwa wahamie makambini. Nikacheka. Nilidhani wanasemwa wale wa juzi. Mwanamke aliyekuwa amezika mume huku, mwenye wajukuu wanaosoma huku, nani angemwita mgeni? Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu jembe lake lilikuwa limeshalika mpaka limekuwa kama kijiko.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mwema, na aliniambia ukweli. Mke wangu angeachwa abaki kijijini kwa sababu ya ndoa, alishamsemea. Kwa mama yake, alisema, ulimi wake haufiki huko. Nikapanda baiskeli mpaka Kasulu mjini, nikakaa kwenye benchi pamoja na wanaume wengine wenye shida ileile, kila mmoja akiamini kwamba yake ni tofauti. Jioni tukaambiwa turudi kesho. Hiyo kesho ndiyo ilikuwa siku ya lori la kuwachukua.

Asubuhi ile nilimwona kutoka mbali, ameinama kwenye tuta langu la mchicha. Mvua zilikuwa zimekwisha kushika na magimbi yake mapya yalikuwa yanatoa majani ya kwanza makubwa. Hakuyaangalia. Alikuwa anapukuchua masuke makavu ya mchicha wangu kiganjani, anapuliza makapi, na mbegu anazifunga kwenye kona ya kitenge. Mboga ileile aliyokuwa akiinyima maji! Nilielewa, na nilifurahi kwa namna ya kijinga. Alikuwa anakwenda mahali ambapo hakai.

Kwenye lori alipanda na mkeka, sufuria na kitenge kile. Mke wangu alikuwa amemshika mkono, akalazimika kuuachia. Mimi nilisimama nyuma ya watu, macho chini kama ipasavyo. Ndipo nikasikia sauti yake, na ilikuwa inaniita mimi.

“Mukwe,” alisema, “amateke yangu usiyachimbe. Nitakuja kuyachimba mwenyewe.”

Watu waligeuka kunitazama. Nilisema ndiyo, mama, nikiiambia ardhi. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Askari walikuwa vijana wenye usingizi. Dereva alikuwa anakula muwa.

Tangu siku hiyo maji yote ya vyombo yakawa ya magimbi. Niliyapalilia, nikayapandishia udongo, nikayafunika kwa majani ya migomba niliyoyaomba hata kwa majirani nisioelewana nao. Mchicha wangu ulikauka nikautazama tu. Mke wangu alisema namwagilia mmea usiohitaji kumwagiliwa, na alikuwa sahihi, lakini hakukuwa na kazi nyingine ambayo mikono yangu ingeweza kuifanya kwa ajili ya mama yake.

Kiangazi kikaingia. Majani ya magimbi yakaanza kuwa ya njano na kulala, ambayo ndiyo namna yao ya kusema tayari. Mwenyewe hakuja. Tulingoja. Fuko akaanza kuyala kwa chini. Mke wangu akaniambia niyachimbe nimpelekee, kabla fuko hajala ahadi yote. Yeye aliogopa kwenda, kwani alihofu kwamba akishaingia kambini kumtembelea mama atahesabiwa naye wa huko. Kwa hiyo aliyeweza kwenda ni mimi, mtu ambaye desturi imemkataza hata kumtazama usoni.

Nilifunga gunia kwenye keria na kuelekea kambi aliyopelekwa, upande wa Kibondo, milima nikisukuma, miteremko nikimwomba Mungu breki. Nilikwenda na gunia zima kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Kambini askari wa getini aliniruhusu niingie, nitoke kabla ya jioni. Niliuliza mpaka nikafika kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai. Kando ya mlango kulikuwa na mchicha, mashina yake yamekuwa kama fimbo kwa kukatwa na kukatwa tena, sasa umechoka na kutoa maua.

Nilikaa juu ya ndoo, mgongo ukielekea mlango, na mwanamke jirani yake akawa anatuchukulia maneno. Mama anauliza watoto. Wazima. Anauliza mbuzi. Wazima. Alipofungua gunia, jirani akaniambia kwa upole kwamba kuni za huku zinafuatwa mbali sana, mama hataweza kuyachemsha yote. Nilijisikia mpumbavu. Nilikuwa nimembebea mtu asiye na kuni chakula kinachokula kuni.

Nikasikia kisu. Alikuwa anakata vichwa vya magimbi, kimoja kimoja, na magimbi yenyewe anawagawia wanawake wa mstari ule ili kila mmoja apike kidogo kwa moto wake. Vichwa hakumpa mtu. Nikasikia jembe. Hapo niligeuka, desturi au si desturi. Alikuwa ameinama nyuma ya kibanda cha kuogea, pale maji machafu yanapotokea na udongo umekuwa mweusi, anachimba shimo la kwanza.

“Mama,” nilisema, “hayo ni ya mwakani.”

Hakuinua uso. Alikisimamisha kichwa cha gimbi shimoni, akakirudishia udongo, akaushindilia kwa kisigino.

“Najua, mukwe,” alisema.

Nilifika nyumbani nikiwa mweupe kwa vumbi. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo. Aliniuliza kama mama yake amesema anarudi lini. Nilimwambia mama yake amepanda magimbi. Aliinama, akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata.